Talaka Imetoka, Mkopo Bado

Talaka ya Noelene na Darryl ilitoka miaka mitatu iliyopita. Mkopo wa nyumba bado una miaka kumi na mmoja. Kwa hiyo wameachana chini ya paa moja: Noelene analala chumbani, Darryl analala gereji, na kila mwezi benki inakata hela kwenye akaunti yao ya pamoja kana kwamba bado ni maharusi.

Mimi ni jirani yao, tunatenganishwa na uzio wa mbao. Walipohamia hapa Melton, pembezoni mwa jiji, mtaa mzima ulikuwa vumbi, na nyumba zilikuwa bado zinanuka rangi. Noelene alinishika mkono akanizungusha vyumba vyote, hadi kwenye kabati la mashine ya kufulia. "Yetu hii, Glenys!" Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba chake ni kitasa cha mlango tu, kilichobaki ni cha benki. Huku kwetu ndivyo tulivyolelewa. Anayepanga tunamhurumia, anayejifunga kwa benki miaka thelathini tunampongeza na kumpelekea keki. Upuuzi mtupu, na keki nilipeleka mimi.

Darryl si mtu mbaya. Ni mtu wa "tutaona". Waliongeza mkopo kwa ajili ya jiko jipya, tutaona. Wakaongeza tena kwa ajili ya boti, na kuvua hajui. Riba ilipoanza kupanda, Noelene, mpishi wa nyumba ya kulelea wazee, akaanza kuingia kazini hadi Jumapili. Akawa anarudi na miguu imevimba, anakaa kwenye ngazi za nyuma bila hata kuvua koti. Ndoa ilikufa pale pale kwenye ngazi, kwa uchovu. Hakuna aliyefumaniwa, hakuna aliyepigwa.

Walipoachana hakuna aliyeweza kumlipa mwenzake nusu yake. Baridi ya mwaka huu Noelene akapiga moyo konde: nyumba iuzwe, deni lilipwe, kila mtu ashike njia yake.

"Nataka chumba kimoja tu, shoga," aliniambia. "Chumba ambacho hakuna mtu anakohoa upande wa pili wa ukuta."

Dalali alikuwa kijana mmoja, Brayden, viatu vinang'aa kuliko akili zake. Akawaonya: watu wasijue mmeachana, watajua mna haraka na watawabana bei. Basi kila Jumamosi wanunuzi walipokuja kutazama, godoro la Darryl lilifichwa, mito miwili ikapangwa kitandani, na hao wawili wakasimama mlangoni wakitabasamu. Nilikuwa nawaona toka kwangu nikisikia aibu kwa niaba yao.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mnada, kijana mmoja aliyekuja na mkewe mjamzito akaona birika na kandambili gereji. Akauliza kwa utani, "Mzee, huku ndiko unakofukuziwa ukikorofisha?"

Darryl akacheka. "Nilishafukuzwa zamani, bwana. Huku ndiko ninakoishi."

Siku ya mnada mtaa wote ulijaa kwenye nyasi, vikombe vya kahawa mkononi. Mnada wa nyumba kwetu ni kama harusi, hata asiyehusika huja kuangalia. Aliyetaja bei ni mmoja tu, yule kijana, na alianza chini. Brayden akapiga kelele, akasifu jiko, akasifu hata jua. Kijana akaongeza kidogo, akafunga mdomo. Wa pili hakutokea. Brayden akaomba dakika chache, akaja jikoni nilipokuwa na Noelene na Darryl.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Benki inalipwa, mimi nachukua changu, na kila mmoja wenu anabaki na hela ya pango la mwaka mmoja hivi."

"Na mwaka wa pili?" Noelene akauliza.

Brayden akatazama saa yake.

"Tuuze, Nol," akasema Darryl. "Mimi nitaenda kwa dada yangu Ballarat. We chukua na changu."

"Chako ni miezi mingapi, Darryl? Nina miaka hamsini na nane. Benki gani itanikopesha? Mwenye nyumba gani atanichukua, mpishi mwenye magoti haya?" Akamgeukia kabisa. "Kwa nini ulimwambia yule kijana kwamba unaishi gereji?"

Darryl akavuta kiti, akakaa. "Nilichoka, Nol. Nilichoka kusimama pale mlangoni nikijifanya mumeo. Nisamehe."

Nilitegemea atamrushia kikombe. Mimi ningemrushia. Lakini Noelene alimwangalia tu, na nikaona kwamba hana hata nguvu za kukasirika. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, wahenga walisema, ila hawakusema linakuachia nini.

"Mwambie hapana," alimwambia Brayden.

Nje watu wakaguna, wakatawanyika na vikombe vyao. Yule mjamzito alilia, mumewe akimbembeleza hadi kwenye gari. Nikamwonea huruma, kisha nikafikiri kwamba huenda ameponea chupuchupu.

Darryl alikwenda kung'oa bango la mnada. Noelene akanivuta chumbani kwake. Maboksi yalipangwa hadi dirishani, yamefungwa kwa utepe wa gundi, majina yameandikwa juu yake: sahani, viatu, picha za Tegan, binti yao. Sikujua kwamba alishafungasha. Akakaa kitandani, akaanza kulia bila sauti.

"Nilishaiaga nyumba hii, Glenys. Kila chumba nilisimama nikakiaga. Sasa niiambie nini?"