Viti Viwili vya Mwalimu Kwa Nini

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Katika chumba cha mwisho kabisa, kile kinachopakana na stoo ya madawati mabovu, mwalimu anafuta vumbi kwenye viti viwili vya mbao na kuviweka vikitazamana mbele ya ubao. Kimoja kina nati mpya mguuni, inang'aa.

"Mume wangu anachomelea mageti ya watu kutwa nzima," anasema, akikitikisa kiti kuona kama kimetulia. "Lakini kiti cha mkewe kilikuwa cha kesho, kesho, mwaka mzima. Hii nati si yake."

Kengele inalia. Wanafunzi thelathini na mmoja wa kidato cha pili wanaingia na kugawana vitabu tisa, wengine watatu watatu, wengine wanne wanne. Kuna wa msikitini, wa kanisani, na wawili wanaosema bado wanafikiri.

Mwalimu ana miaka thelathini na minne, na anafundisha dini, falsafa na maadili. Darasani wanamwita Mwalimu Kwa Nini, naye anaitika.

"Ukimwambia umechelewa kwa sababu ulilala, atakuuliza kwa nini ulilala," anaeleza msichana mmoja wa dawati la mbele. "Ukifika kwenye kwa nini ya tano, unajikuta unaeleza maana ya maisha na begi bado liko mgongoni."

Leo zamu ni ya mada ya mfungo. Kanuni ya viti ni moja: kabla hujampinga mwenzako, unakaa mkabala naye na kumweleza anachoamini yeye, mpaka mwenyewe aseme "ndivyo". Mvulana wa msikitini anakaa mbele ya msichana wa kanisani.

"Nyinyi mnafunga ili mpungue," anaanza. Darasa linacheka.

"Sivyo. Na wewe ungefunga kidogo."

"Haya. Mnafunga kwa sababu mmeamrishwa."

"Sivyo. Si hiyo tu."

Mvulana anakuna kichwa. "Mnafunga ili tumbo lijue kwamba si bwana wenu wala haliwatawali."

Msichana anafikiri. "Ndivyo," anasema. "Na hiyo ya tumbo naiiba, nikamwambie kaka yangu."

Mwalimu anacheka hadi anaegemea ubao.

Yeye mwenyewe alisomea kazi hii kwenye madarasa ya jioni, mtoto akiwa mapajani. Insha yake ya mwisho ina doa la uji. Binti huyo sasa ana miaka sita, na ndiye msaidizi wake mkuu. Jioni moja, baada ya kumng'ata binamu yake na kulazimishwa kuomba msamaha, aliuliza akiwa ndani ya beseni: "Mama, nikisema pole lakini moyoni sina pole, inahesabika?"

"Nilisahau kumsuuza," anasema mwalimu. "Nilikwenda kutafuta kalamu, nikamwacha na povu masikioni. Swali hilo lilitupeleka muhula mzima."

Lakini mwezi uliopita muhula ulikaribia kuwa wa mwisho. Mkuu wa shule alibandika tangazo: kuanzia kidato cha tatu somo ni la hiari, na majina yasipofika ishirini kufikia Ijumaa saa nane mchana, linatoka kwenye ratiba. Mwalimu angehamishiwa kusimamia stoo ya vitabu.

"Sina ugomvi na somo," anasema mkuu huyo, mzee mpole anayetembea na funguo zote za shule mfukoni. "Nina vyumba kumi na kimoja na madarasa kumi na manne. Nilikuwa natafuta pa kukata."

Jumatatu majina yalikuwa kumi na manane. Jumatano ilikuwa siku ya wazazi, na hapo ndipo mwalimu alipojichimbia shimo. Aliamua kuwaonyesha wazazi mdahalo wenye mada moja: somo hili lifutwe. Kila msemaji aliokota karatasi kwenye kofia ili ajue atetee upande upi. Msemaji hodari kuliko wote, binti wanayemwita Wakili, akaokota "lifutwe".

Angeweza kuzembea kidogo. Lakini mwalimu alikuwa amewafundisha kwamba kuiharibu kwa makusudi hoja ya upande usioupenda ni aina ya uongo.

"Mama zetu hawaulizwi sokoni haki ni nini," Wakili aliwaambia wazazi. "Wanaulizwa bei. Mtupe kwanza vya kutulisha, maswali tutauliza tukishashiba."

Wazazi walipiga makofi wima. Wengine walitoka hapo hapo kwenda ofisini kufuta majina ya watoto wao. Kufikia jioni yalibaki kumi na moja.

"Dada," mwalimu wa hesabu alimtania wakinywa chai, "hata mimi sijawahi kutoa saba kwenye kumi na nane haraka namna hiyo."

Mwalimu Kwa Nini alicheka naye, kisha akaenda kujifungia kwenye chumba chake cha mwisho.

Alhamisi asubuhi baba yake Wakili alifika. Ni fundi wa injini, mikono ina grisi isiyotoka hata kwa sabuni ya unga. Binti yake alimfuata nyuma, macho mekundu.

"Mwalimu, mwanangu alinishawishi jana," alisema. "Nimekuja kulifuta jina lake."

"Alimshawishi hata mwalimu wake," akajibu mwalimu. "Utalifuta, baba, sikuzuii. Ila humu ndani tuna utaratibu. Kaa hapo umweleze kwa nini yeye analitaka somo, mpaka aseme ndivyo."

Fundi alikaa. Kiti kikayumba. Aliinuka, akakipindua, akatoa spana na nati kwenye mfuko wa ovaroli, akaukaza mguu. Kisha akakaa tena.

"Unalitaka kwa sababu halina hesabu."

"Sivyo, baba."

"Kwa sababu unampenda mwalimu."

"Nampenda. Lakini sivyo."

Fundi aliigeuza spana mkononi mara kadhaa.

"Bibi yako alipofariki mwaka jana," alisema hatimaye, "uliniuliza amekwenda wapi. Nikakwambia nenda kafue. Hapa hakuna anayekutuma kufua."

"Ndivyo, baba," alisema Wakili.

Jina halikufutwa. Na fundi alirudi gereji, akawauliza wenzake wenye watoto shuleni: mwanao analitakia nini lile somo? Wengi walijibu ovyo, naye akawaambia waende wakaulize nyumbani. Ijumaa asubuhi wazazi walipanga foleni nje ya chumba cha mwisho, kila mmoja na mtoto wake, wakingoja zamu ya kiti. Baba mmoja aliambiwa "sivyo" mara sita. Mama mmoja alilifuta jina hata baada ya "ndivyo", na mwalimu akamshika mkono, akamshukuru kwa kusikiliza.

Saa nane mkuu wa shule alihesabu majina kwa kidole. Yalikuwa ishirini na mawili.

Sasa mwalimu ana mpango mwingine: darasa la jioni la wazazi, Jumanne kwa Jumanne, katika chumba hiki hiki. Mkuu wa shule ametoa ufunguo. Mumewe ameahidi kuchomelea viti sita, na safari hii vinne viko tayari vinangoja rangi.

Kwenye meza yake kuna mkebe wa maziwa uliotobolewa kifuniko, ambamo wazazi wanatumbukiza maswali bila majina. Anatoa karatasi ya kwanza iliyoingia. Haina jina, lakini ina alama ya kidole cha grisi.

Anaisoma kwa sauti ya chini: "Pole ikichelewa mwaka mzima, inahesabika?"

Anaikunja, anairudisha mkebeni. "Tutaanza na hili," anasema. "Nina binti nyumbani nitakayemleta atusaidie."