Mama Annuarite na Salongo ya Uvira

Mwaka 2000, vita ikiwa bado inaila Kongo, hakukuwa na mtu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, aliyeisifu Uvira kama Mama Annuarite, fundi cherehani. Ukimpelekea suruali iliyopasuka, uliondoka nayo imeshonwa na masikio yamejaa Ziwa Tanganyika. Kwa maneno yake, Uvira ulikuwa mji ambao hata mbuzi waliona haya kuchafua barabara. Sababu ilikuwa salongo: kila Jumamosi asubuhi mji mzima ulitoka na mafagio na majembe, bila mshahara, na jua halijakaa vizuri mitaro yote ilikuwa safi mpaka ziwani.

Jambo moja hakulisema. Miaka yote aliyoishi Uvira, hakuwahi kushika ufagio wa salongo hata siku moja. Ijumaa alikuwa mzima. Jumamosi malaria ilimshika, ikamwachia saa sita mchana.

Angeendelea kusifu tu, kama si safari ya Lilongwe. Alikuwa amepeleka sare za shule kuuza katika soko la Area 36. Mteja mmoja akainusa sketi, akaikunja polepole, akamuuliza kwa upole, "Mama, ni kweli nyinyi wa Dzaleka mnalala na takataka zenu?"

Annuarite akasema zikomo, asante ya Kimalawi, akafunga mzigo wake. Kilichomuuma ni kwamba swali lilikuwa la haki. Mtaro wa nyuma ya pampu ya maji ulikuwa umezibwa na maganda ya mihogo, makopo, na vipande vya vitambaa, vingine vyake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata akaenda kwa Sinzinkayo, kinyozi Mrundi wa kutoka Rumonge, mji mwingine wa ukingo wa ziwa lile lile.

"Sitaki fitina," alianza, na mtu akianza hivyo, fitina imekwisha kufika. "Bantu ba Uvira banasema ninyi ba Rumonge hamujui hata kushika ufagio." Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo: watu ni bantu, ndio ni njo.

Kisha akavuka uwanja hadi kwa Raphaël, mkatekista wa kutoka Uvira. "Baba, ba Rumonge banatucheka. Banasema kwetu mvua njo ilikuwa inafagia."

Jumamosi ikayakuta makundi mawili mtaroni, kila moja likitaka kuliaibisha jingine. Wa Rumonge walianzia juu, wa Uvira chini, na Annuarite akasimama katikati akiwapigia makofi wote. Wakachimba, wakazoa, wakaweka malundo mawili ili ijulikane nani kazoa zaidi. Saa nne, wazee wawili wa Uvira wakakamatwa wakiiba takataka za Rumonge ili kukuza lundo lao.

"Ninyi njo mulisema hatujui ufagio, sasa munatuibia uchafu?" Sinzinkayo aliuliza.

"Nani alisema vile?" akajibu Raphaël. "Si ninyi mulitusema na mvua?"

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakageuza shingo kumtazama Annuarite.

Mwanamke mmoja aliyekuja kuchota maji akatua ndoo yake. Huyu alikuwa Eugénie, mgeni wa wiki ile. Huko Uvira alikaa nyumba ya tatu kutoka kwa Annuarite, na kazi yake ilikuwa kupita mlango kwa mlango kuwaita watu kwenye salongo.

"Annuarite njo anafundisha salongo?" aliuliza. "Huyu? Kila Jumamosi malaria. Siku moja niliingia, nikamukuta chini ya kitanda na sahani ya samaki ya ndagala."

Watu walicheka mpaka ugomvi ukayeyuka. Sinzinkayo akamkabidhi Annuarite jembe, akamwonyesha kona ambayo kila mtu alikuwa ameikwepa. Annuarite akakaza kikwembe chake kiunoni, akaingia.

Eugénie akashuka kumsaidia. Wakiwa wameinama, Annuarite akamuuliza kwa sauti ya chini, "Na ile njia yetu ya kwenda ziwani, nani anaifagia sasa?"

"Hakuna." Eugénie akagusa kiuno chake. "Majani inafika hapa. Bantu balikimbia."

Annuarite akazamisha jembe. Njia ile aliipita kila siku, safi, na hakuwahi kujiuliza ni mikono ya nani. Akachimba mpaka tope likamfika magotini, na maji yakaanza kutembea.

Walipomaliza, Raphaël akapendekeza Annuarite ndiye awe mwitaji wa salongo. "Mwenye anajua maficho yote njo atatukamata," alisema, na watu wakakubali.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, Annuarite akaanza mzunguko wake. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Raphaël. Alimkuta amepiga magoti, macho ameyafumba, rozari mkononi, midomo ikienda mbio.

Akavuta kigoda, akaketi mlangoni, ufagio miguuni.

"Sali tu, baba," alisema. "Mi niko na wakati."