Chupa ya Kwapani

Umeme ukikatika na mashine ya joto ikazima, fundi sanifu wa maabara huitia kwapani chupa ya uboho uliofyonzwa mfupani mwa mgonjwa, akizipa seli joto lake ili zigawanyike, naye asome kromosomu na kuijua saratani ya damu ya mgonjwa. Tangu soko huria, dawa ya kuchochea seli hununuliwa Dar na ndugu wa mgonjwa wenyewe, ikasafirishwa kwenye barafu. Leo mama mmoja wa Mgeta kaileta ya mwanawe. Basi lilikwama Mikese kutwa nzima, barafu ikayeyuka. Fundi anaipapasa. Ina joto, imeshaharibika, na mtoto hana nguvu ya kutobolewa mfupa tena.

“Shikamoo, daktari. Seli zitaota?”

“Marahaba, mama. Zitaota.”

Anaidondosha dawa chupani tone kwa tone, akihesabu kimoyomoyo kama siku zote. Kisha chupa anaitia kwapani, ilhali umeme upo.