Mwanangu Kwenye Kadi ya Mwanamume Mwingine

Kwetu Komoro nyumba ni ya mke. Nilipoachana na mama wa binti yangu pale Badjanani, mjini Moroni, mimi ndiye niliyefunga mkoba nikavuka kurudi kisiwani kwetu, Mutsamudu, kwenye cherehani yangu. Baada ya muda mwanamume mwingine akaja kukalia kiti changu. Alikuwa karani, mtu mpole, na upole wake uliniudhi kuliko matusi.

Kisha kisiwa chetu cha Nzwani kikajitenga na serikali ya Moroni. Simu zikakatika, boti zikawa za kubahatisha. Matunzo ya mtoto, ambayo sikukosa kuyatuma hata mwezi mmoja, sasa nilimkabidhi msafiri yeyote na kumwombea dua. Nisiposikia habari nilidhani bahasha imepotea, nikatuma nyingine kwa mkono wa mtu mwingine. Miezi mitatu nilituma mara mbili mbili. Sikutaka mtu aseme kwamba mwanangu analishwa na baba wa kambo.

Mwezi wa nne mama mmoja mchuuzi wa nguo akaniletea barua ya yule karani. Bahasha zote sita zimefika, aliandika. Tatu zimetumika, tatu zilizozidi amenihifadhia. Kisha ombi: pumu ya mtoto imezidi, na bima ya kazini kwake hutibu hata watoto wa kambo, mradi baba mzazi atie saini karatasi aliyoiambatanisha.

Nilipandwa na hasira. Niliona ananinyang'anya mwanangu kwa mhuri. Nikamwambia yule mama, "Kamwambie mwanangu si wa kuandikwa kwenye kadi ya mtu. Ana baba!" Karatasi nikaisukuma chini ya cherehani, nikashona juu yake miezi miwili.

Duka langu liko Hombo, njia ya kwenda hospitali. Asubuhi moja alipita mwanamume amembeba mtoto, kifua cha mtoto kinakoroma hadi nikakisikia ndani. Nikazima taa ya duka, nikaichomoa ile karatasi chini ya cherehani. Boti ya kwanza iliyokubali kuvuka, nilikuwemo.

Pale Badjanani aliyenifungulia mlango ni yeye. "Karibu, mwenye mtoto," akasema, akaniachia kiti. Hata sijanywa maji, akaniwekea mbele bahasha tatu, gundi yangu haijaguswa. Kando yake palikuwa na dawa ya kuvuta, ile ya ghali.

"Hiyo kailipa nani?"

Mama wa mtoto ndiye aliyejibu. "Yeye. Kwa mshahara unaokuja ukipenda. Ukichelewa, anakopa kwa nduguze wa Itsandra."

"Na pesa zangu zipo hapa hapa?"

"Ulizituma ukidhani za kwanza zimepotea," akasema yule bwana. "Si haki yetu."

Mama wa mtoto hakuwa amemaliza. Watu wa bima walimshauri mumewe ajiandike yeye baba mzazi, yaishe. Akakataa katakata. Jina la mtu haliandikwi juu ya mtoto wa mwenziwe, aliwaambia, akatoka akaenda duka la dawa na pesa yake.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilituma bahasha na kujisifu. Yeye ndiye aliyekuwa akikesha na kile kifua. Nilimheshimu siku ile kuliko nilivyopata kumheshimu mwanamume yeyote, nami niliona uchungu kumheshimu. Nikatia saini palepale.

Binti yangu akarudi kutoka chuo cha Kurani, akanirukia, pumzi fupi fupi. "Baba, bahari imetulia?"

"Kwa nini unauliza?"

"Baba mdogo," na huyo ndiye karani, "aliniambia karatasi yangu umeshaitia saini siku nyingi, ila bahari imechafuka, boti haziji."

Nikamtazama yule bwana. Ujumbe wangu ulikuwa umemfikia, neno kwa neno. Yule mchuuzi hakuwa mtu wa kusahau. Karani akainamia kikombe chake.

"Bahari haina kosa, mwanangu," nikasema. "Aliyekataa ni mimi."