Mkata Vioo na Swali la Dirishani

Kitendawili, msomaji wangu. Sema tega, hata kama uko peke yako na gazeti lako. Nina mlinzi dirishani: jua analikaribisha, mvua anaifukuza, upepo anaurudisha ulikotoka, na bado ukimtazama humwoni. Ni nani huyo?

Umeshindwa? Nipe mji. Haya, nimeupokea. Ni kioo. Na habari ya leo ni ya mtu anayekata vioo, na ya kioo kimoja alichokikata kwa mikono yake mwenyewe, kikaja kumziba mdomo.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mzee Taratibu ameshafungua karakana yake. Jina hilo si la kuzaliwa. Amepewa na mtaa, kwa sababu kila anayepita karibu na vioo vyake, awe mtoto, mbuzi au mkaguzi wa leseni, humpigia kelele: "Taratibu! Taratibu hapo!"

Ana miaka hamsini na tisa. Analaza kioo juu ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, anachovya kisu cha kukatia kwenye mafuta ya taa, anaweka rula ya mbao, anavuta mstari mmoja. Kioo kinalia kama panya aliyebanwa mkia. Anagonga kwa chini, tak, tak, na kipande kinaachana na mwenzake bila ugomvi.

"Mstari hauvutwi mara mbili," anasema. "Ukirudia, umeharibu. Kioo hakijui samahani."

Siku njema humaliza madirisha manne. Siku mbaya hukata kioo cha fremu ya picha ya harusi ya watu, basi, anarudi nyumbani.

Zamani vioo vikubwa alivibeba kwa kuviegemeza kifuani, upande wa kushoto. Siku hizi anavibeba kwa kulia, shingo imepinda, na ndani ya shati upande wa kushoto amepachika kitambaa kilichokunjwa mara nne. Seremala wa karakana ya pili ameliona hilo, naye hana breki mdomoni.

"Mzee, mbona unabeba kioo kama bibi harusi anayeogopa kuharibu mkufu?"

"Na wewe unaranda mbao kama unanyoa ndevu za mbuzi. Nimekuuliza?"

Wote wawili wanacheka. Asubuhi hii seremala bado hajui kwamba chini ya kitambaa kile kuna uvimbe, na kwamba mwenzake ameubeba miezi mitano.

Aliyegundua ni mkewe, na aligundua kwenye beseni la kufulia.

"Kila wiki doa dogo, mahali pale pale, upande wa ndani wa shati," anasema mama huyo. "Nikamuuliza, akasema ni gundi ya vioo. Nikanyamaza. Lakini nguo za fundi huyu nimezifua miaka thelathini. Gundi ya vioo haitoki, unasugua mpaka vidole vinachubuka. Doa lile lilikuwa linatoka kwa maji matupu."

Jioni moja akafunga mlango wa chumba, akausimamia. "Nikamwambia, baba watoto, vua shati, la sivyo leo tunalala wima wote wawili."

Akavua. Nyuma ya chuchu ya kushoto palikuwa na kitu kigumu, cha ukubwa wa gololi. Chuchu yenyewe ilikuwa imevutwa ndani kidogo.

"Akacheka," anasema mkewe. "Akaniambia, nikienda hospitali wataniuliza nanyonyesha mtoto wa ngapi. Mimi sikucheka."

Mama huyo alikwenda kwa muuguzi mstaafu anayeishi mtaa wa nyuma, akauliza kama mtu anayeulizia habari za watu baki: eti, kuna mjomba mmoja hivi, je, mwanaume naye anaweza kuumwa titi?

"Nikamwambia, mpe salamu huyo mjomba anayelala kitandani kwako," anakumbuka muuguzi. "Mwanaume ana titi, hata kama ni dogo. Saratani ya titi humpata na yeye, ingawa ni nadra. Si kila uvimbe ni saratani, lakini hakuna anayeweza kujua kwa kuushika na kukisia. Aende akapimwe, tena asichelewe."

Kesho yake Mzee Taratibu akaenda kituo cha afya. Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii.

Ukumbi wa kusubiria una mabenchi sita na dirisha moja la kuandikishia. Dirisha hilo ni kioo kitupu kuanzia mezani hadi juu, na chini yake, usawa wa kiuno, kuna tundu la upana wa kisahani cha chai. Ukitaka kusikika unainama kama mtu anayechungulia banda la kuku. Ndani, karani na feni inayovuma. Nje, wewe na foleni inayokupumulia shingoni. Karani anapaza sauti: "Unaumwa nini?" Usipojibu hupati kadi. Usipopata kadi, humwoni daktari.

Unaumwa nini! Hakuna swali jema kuliko hilo. Ndilo swali ambalo mtu ametoka kwake kwa miguu ili aulizwe. Lakini ndugu zangu, liulizwe mbele ya nani? Mbele ya jirani, mbele ya mkwe, mbele ya mwalimu wa mtoto wako, mbele ya kijana uliyemkatalia mkopo juzi, wote wametega masikio kama wako kwenye mchezo wa redio?

"Nikasema kichwa," anasimulia Mzee Taratibu. "Nilijiambia, ukweli nitampa daktari, huko ndani."

Huko ndani palikuwa na chumba kimoja, meza mbili, wagonjwa wawili bega kwa bega, na mlango wazi. Daktari akasoma kadi. Kichwa tangu lini? Kinagonga au kinabana? Kalamu ilikuwa inaandika kabla ya jibu.

"Nikamwambia, daktari, kuna na jambo lingine. Hata hakuinua uso. Akasema, jambo lingine ukalichukulie kadi nyingine."

Alirudi nyumbani na vidonge vya maumivu ya kichwa ambacho hakikuwa kinamuuma.

Baada ya mwezi alikwenda tena. Safari hiyo dirishani alisema homa. Wakamtoboa kidole, akakaa benchi hadi adhuhuri, kisha dirisha la maabara likampa karatasi: hana malaria. Daktari hakumwona kabisa.

"Nikarudi nyumbani na habari njema isiyonihusu," anasema.

Najua wapo watakaosema kosa ni la mzee mwenyewe, kwamba alidanganya. Alidanganya, ndiyo. Lakini mtu mzima akidanganya mahali alipofuata uhai wake, msiishie kumtazama yeye. Patazameni na mahali penyewe. Mvue mtu nguo njia panda, halafu umlaumu kwa kushika mikono mbele!

Kitendawili kingine, nacho hiki ni kichungu: nina mzigo wangu mwenyewe, sikuununua wala siuuzi, lakini siruhusiwi kuutua mpaka kwanza niutangaze kama mnada. Mnajua jibu. Mmeshawahi kusimama pale dirishani.

Na kioo chenyewe? Amekikata nani? Amekikata yeye, Mzee Taratibu, miaka mitatu iliyopita.

"Nilipima, nikamwambia msimamizi wa kituo, tundu hili ni dogo tena liko chini, watu watasikikaje? Akasema watapaza sauti. Nikakata. Kazi ni kazi." Anafuta kisu chake kwa kitambaa, polepole. "Sikufikiri kwamba mimi nami ni watu."

Karani wa dirisha hilo ni binti mwenye sauti iliyokwaruzika. Anaomba asibebeshwe lawama zisizo zake.

"Si mimi niliyepanga. Kadi isiyoandikwa ugonjwa inarudishwa, na anayefokewa ni mimi. Mtu akininong'oneza simsikii, kuna kioo, kuna feni. Ikifika mchana koo langu limekwisha. Mnadhani napenda kuwapigia kelele baba za watu?"

Msimamizi wa kituo alipoulizwa, alijibu amesimama, funguo mkononi: "Suala hilo tunalifahamu na tunalifanyia kazi."

Kazi gani, ya nani, imefika wapi? Hakusema. Pazia halihitaji kikao. Kiti kimoja nyuma ya mlango unaofungika hakisubiri mfadhili. Mtu anayeogopa kusema ugonjwa wake hafi kwa aibu, anakufa kwa ugonjwa, na huko kwenye takwimu hakuna mahali panapoandikwa kwamba aliuawa na tundu la dirisha.

Mzee Taratibu ana mpango, na ameshaupeleka. Atakata kioo kingine chenye tundu usawa wa mdomo. Pembeni atasimamisha kizuizi cha kioo cha ukungu, ili anayejieleza asimame peke yake na karani. Vioo atatoa mwenyewe, ufundi bure. Ameambiwa asubiri.

Uvimbe wake hausubiri. Uliokuwa gololi sasa unajaa kifuniko cha soda.

Saa mbili asubuhi mkewe anatokea mlangoni mwa karakana, mkoba begani, uso hauna mzaha.

"Funga, twende."

"Kuna kioo cha mteja hapa, mama watoto."

"Mteja ana madirisha mengine. Mimi nina mume mmoja."

Seremala anainua kichwa kutoka kwenye mbao zake, anafungua mdomo, anautazama uso wa mama huyo, anaufunga. Mlango wa karakana unashushwa. Njiani mke anauliza mara moja tu, bila kugeuka: "Leo utamjibu yule wa dirishani?"

Mume anatembea.

Foleni ni ndefu, nayo inasogea kwa kusuasua. Unaumwa nini? Tumbo. Unaumwa nini? Jino. Unaumwa nini? Mguu, nimeanguka. Wenye magonjwa ya kutajika wanapita. Mbele ya Mzee Taratibu amebaki msichana mmoja, wa umri wa bintiye wa mwisho, mtandio umeshikwa vizuri kidevuni.

Anainama, ananong'ona kwenye tundu.

"Sikusikii, dada. Paza sauti!"

Ananong'ona tena.

"Wapi? Sehemu gani?"

Benchi la pili mtu anachekea puani. Mwingine anadakia: "Mwenzetu huyo ameponzwa na mapenzi!" Kicheko kinatembea benchi hadi benchi. Msichana anajiinua, anavuta mtandio usoni, anageuka kuondoka. Mikononi hana kadi.

Mzee Taratibu anatoka kwenye mstari, anamkingia njia.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Nyumbani, babu. Nitakuja siku nyingine."

"Hiyo siku nyingine naijua mimi. Nimeingoja miezi mitano. Rudi, simama nyuma yangu, na mama huyu atasimama nawe."

Kisha anawageukia waliokaa. "Nani aliyecheka?"

Feni ya karani inasikika hadi mlangoni.

"Aliyecheka asimame, nimpe zamu yangu, aende dirishani atutajie chake. Tucheke na sisi."

Hakuna anayesimama. Bwana mmoja wa benchi la pili ameona kitu cha maana sana kwenye viatu vyake.

Mzee Taratibu anasogea mbele ya kioo. Hainami. Anasimama wima, anakigonga kwa kidole kilichokunjwa, mara mbili. Karani anainua macho.

"Inama kwenye tundu, mzee, sitakusikia."

"Utanisikia."

"Haya, mzee wangu. Unaumwa nini?"

Mkewe amemshika mkono wa shati, midomo imeshafunguka amsemee. Mume anautoa mkono wa mkewe kwa upole, anaubakiza ndani ya kiganja chake.

"Titi," anasema, kwa sauti inayofika benchi la mwisho. "Nina uvimbe kwenye titi la kushoto, una miezi mitano, unakua, na unatoa majimaji. Andika hivyo hivyo, mwanangu. Usiandike kichwa."