Maziwa Niliyoyakataa

Kwetu maziwa hayakataliwi. Ukipewa unapokea kwa mikono miwili, unakunywa, unashukuru. Mimi niliyakataa mbele ya watu, na mambo yakirudi vilevile nitayakataa tena.

Nilikuwa kibarua kwenye shamba la nyanya huko Ndera. Kazi yangu ilikuwa kupuliza dawa ya wadudu na ya ukungu: pampu mgongoni, kandambili miguuni, kipande cha kitenge puani. Pampu yenyewe ilivuja. Dawa ilinitiririka mpaka kiunoni, na jioni nilirudi nyumbani Kinyinya kumnyonyesha mwanangu nikiwa bado nanuka. Bosi hakuwa mtu wa matusi. Tukimaliza kazi alitujia na jagi la ikivuguto, maziwa mazito ya mgando, akatumiminia kwa mkono wake.

"Kunyweni, maziwa inaosha sumu."

Tuliamini. Hata mama yangu aliamini hivyo.

Kisha mwenzangu akaanguka. Alinizidi umri, nami nilimwita dada. Tulimkuta kati ya matuta, jasho linamtoka, mate yanamchuruzika, haoni vizuri. Bosi akaja mbio na jagi lake. Nilimsukuma mkono, tukambeba dada hadi kituo cha afya. Muuguzi aliposikia habari za maziwa alikasirika.

"Dawa inapita kwa ngozi na kwa pua. Nyinyi mnaosha tumbo ya nini?"

Dada alipona. Mimi ndiye niliyeshindwa kutulia. Nilimtazama mwanangu akinyonya nikapandwa na hasira.

Kesho yake bosi alitupanga kabla hata ya kazi, jagi mkononi, akaanza na mimi. Kikombe kilijaa pomoni.

"Sinywi, bosi."

Wenzangu waliinamisha macho. Mzee mmoja, mpulizaji kama mimi, akaninong'oneza, "Mama, maziwa haikataliwi."

"Maziwa iko nzuri," nikamwambia bosi. "Lakini mimi nataka glovu, maski, buti na pampu yenye haivuji. Niko na mtoto ananyonya. Maziwa yangu mimi ndiyo naogopea."

"Watu wanatafuta kazi iko wengi."

"Basi uwaite. Na uwaoneshe pahali dada alianguka."

Niliitua pampu nikakaa juu ya ndoo. Kibarua nilikihitaji. Nilidhani nitakaa peke yangu. Yule mzee akaguna, akatua pampu yake, akakaa chini kando yangu. Wengine wakafuata.

Mchana mvua ikanyesha, na nyanya bila dawa wakati wa mvua ni maombolezo. Bosi alizunguka shamba amenuna, akigeuza majani yenye madoa. Hakuna aliyemwonea huruma, mimi nikiwa wa kwanza. Asubuhi iliyofuata gari likashusha buti, glovu, maski, makoti ya plastiki na pampu mpya. Akatangaza kuwa ametuletea zawadi. Zawadi gani? Mtu hazawadiwi pumzi yake mwenyewe.

Tulivaa, tukapuliza. Tulipomaliza nilinawa kwa sabuni hadi viwikoni, nikabadili nguo. Bosi akaja na jagi, akasimama mbele yangu.

"Leo utakunywa, mama?"

Nilipokea kikombe kwa mikono miwili.

"Leo ninakunywa, bosi. Niko na kiu tu."