Mwaka Kanisa Letu Lilipobomolewa

Kanisa letu lilinuka maziwa na moshi. Akina mama Wakipsigis, wenyeji wa pale, walikuja na vibuyu vya mursik, yale maziwa yanayogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa kaa la moto, wakavipanga nyuma ya mimbari. Akina mama wetu waliotoka Meru wakaweka papo hapo sufuria za githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Mhubiri alisimama katikati ya harufu hizo mbili, na sisi watoto tulimwombea amalize haraka. Lilikuwa kanisa dogo la Methodisti nje kidogo ya Chepseon, kuta za mbao na paa la mabati, na mvua ya mchana ilipoanza hakuna aliyesikia mahubiri. Kiwanja kilitolewa na marehemu mume wa Kogo Taprandich, bibi kizee jirani yetu. Kogo ndivyo wajukuu wake walivyomwita, nasi tukafuata. Baba yangu, mwenye duka, alileta misumari na Umethodisti wake kutoka kwao. Kila nyumba ilichanga bati na benchi, na ole wako ukalie benchi la wenyewe.

Nilikuwa darasa la tatu vita vya ukabila vilipozuka kuelekea uchaguzi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, vijana wa huko wakiwafukuza watu wa kuja kama sisi. Tulifunga virago tukakimbilia kwa shangazi Nakuru, tukalala sakafuni tumebanana. Huko mama alikata shauri: kama kanisa limechomwa, harudi tena. Hawezi, alisema, kuishi na watu wanaochoma nyumba ya Mungu waliyoijenga kwa mikono yao wenyewe. Mimi nilisali kila jioni kanisa liwe zima, ingawa ukweli ni kwamba niliyemtaka ni Chebet, mjukuu wa Kogo, rafiki yangu wa chanda na pete. Mungu alilijua hilo, nami sikujaribu kumficha.

Mambo yalipotulia tulirudi kuangalia. Tulipita kando ya mashamba ya chai iliyorefuka kwa kukosa wachumaji, tukafika kiwanjani. Palikuwa na nguzo na nyasi, basi. Mlango hakuna, benchi hakuna, hata msumari hakuna. Majivu pia hayakuwepo, lakini nani angeyafikiria majivu wakati ule?

"Wameiba hata mimbari," mama alisema, akageuka kurudi barabarani. Nilimfuata nikilia kwa sauti, bila aibu.

Kogo akatokea kwenye kijia, mkongojo mkononi, akimwita mama kwa jina langu.

"Mama Kendi! Unaenda wapi?"

"Naenda, Kogo. Hapa hakuna kitu tena."

"Nani alikwambia? Kanisa iko. Mabati imefunika mahindi yangu. Benchi iko kwa ng'ombe, zingine kwa majirani. Tulisikia vijana wanakuja na moto, tukabomoa sisi wenyewe."

Mama alimkazia macho. "Na mimbari?"

"Mimbari kuku yangu inalalia mayai ndani yake. Hiyo mtangoja."

Mama alicheka, kisha akaketi chini kwenye nyasi akalia kama mtoto, na Kogo akasimama kando yake akimpigapiga begani. Sijawahi kupumua vizuri kama nilivyopumua pale. Alasiri hiyo kanisa lilirudi vipande vipande, vichwani na mabegani mwa watu, Chebet akiwa miongoni mwao, na baba akaanza kupiga nyundo hata kabla ya kunywa chai. Jumapili tulikalia mabenchi yanayonuka zizi, na mhubiri akahubiri bila mimbari, maana vifaranga walikuwa bado.

Leo ni kanisa la mawe, lina vigae na vipaza sauti, nalo ni zuri, sikatai. Lakini kila uchaguzi unapokaribia, mama, ambaye sasa ni mzee, humuuliza mchungaji swali moja tu: kuta nzito hivi zitabebwa na nani? Mchungaji, kijana wa juzi, hucheka akidhani ni uzee. Mimi huwatazama watu wakitoka ibadani, wakisalimiana kwa Kimeru na Kikipsigis, naona mabega bado ni mengi, nami natulia.